Mgeni na Jembe: Waajiriwa wa Kiingereza na Kimarekani Katika Japani ya Meiji

Waswahili husema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Methali hii kwa kawaida hutolewa iwe onyo kwa mgeni akaaye sana bila ya kazi. Lakini historia ina habari za taifa moja ambalo halikungoja siku ya tatu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Japani iliwaita wageni kutoka ng'ambo ya bahari, ikawatia jembe mkononi tangu siku ya kushuka merikebuni, ikawalipa ujira ambao hata wakuu wake wenyewe hawakuupata, na kazi ilipokwisha ikataka jembe lirudi mikononi mwa mwenyeji. Wengi wa wageni hao walisema Kiingereza. Walikuwa Waingereza, Waskoti na Wamarekani, nao walikwenda kutafuta riziki mahali ambapo wachache sana wa jamaa zao walikuwa wamepata kufika. Namna walivyoipata kazi hiyo, namna walivyoitumikia, na namna walivyoagana nayo ni mambo yafaayo kufikiriwa na kila ataka kujua kama mtu na elimu yake wanaweza kukodishwa, na kwa masharti gani.

Asili ya jambo hili ni hofu. Mwaka 1853 manowari za Kimarekani, zikiongozwa na Matthew Perry, ziliingia katika ghuba ya Edo, na mwaka uliofuata Japani ikalazimika kutia sahihi mkataba. Mikataba mingine ya mwaka 1858 ilifungua bandari kwa wafanya biashara wa mataifa makubwa, ikawapa wageni haki ya kuhukumiwa na mabalozi wao wenyewe, na ikaiondolea Japani uwezo wa kujipangia ushuru. Wajapani waliona yaliyoipata China, wakaelewa kwamba nchi isiyo na mizinga, reli na viwanda hutawaliwa na wenye navyo. Serikali ya awali ikaanguka, na mwaka 1868 serikali mpya ya mfalme Meiji ikatangaza shabaha tano, mojawapo ikiwa kwamba elimu itafutwe katika pembe zote za dunia. Vijana wakapelekwa ng'ambo kusoma. Lakini mwanafunzi huchukua miaka mingi kuiva, na adui hangoji. Kwa hiyo, wakati vijana wakisoma ng'ambo, walimu wakatafutwa waje nyumbani. Wajapani waliwaita oyatoi, yaani walioajiriwa, na jina hilo lina maana kubwa: mgeni huyu si balozi wala si mtawala, ni mtu wa mshahara.

Serikali iligawa kazi kama mnunuzi mwerevu agawavyo fedha zake katika soko kubwa. Utabibu ulitafutwa kwa Wajerumani, na mafunzo ya jeshi la nchi kavu kwa Wafaransa. Waingereza walipewa reli, minara ya taa, simu za waya na wanamaji. Wamarekani walipewa kilimo cha kisiwa cha Hokkaido na shule nyingi. Katikati ya miaka ya 1870 idadi ya wageni katika utumishi wa serikali ilifika yapata 500, na kundi kubwa kati yao lilikuwa la Waingereza waliokuwa chini ya Wizara ya Ujenzi, iliyoanzishwa mwaka 1870.

Je, kijana wa Glasgow au wa New Jersey aliipataje kazi ya Japani wakati huo? Mlango wa kwanza ulikuwa wa kujuana. William Elliot Griffis alimaliza masomo yake katika chuo cha Rutgers mwaka 1869. Chuoni hapo alikuwa amemfundisha Kilatini kijana wa Kijapani, Kusakabe Taro, aliyetoka katika jimbo la Fukui. Kusakabe alikuwa hodari mno wa hesabu, lakini alishikwa na kifua kikuu, akafa mwaka 1870 kabla ya kupokea shahada yake. Wakati huo mtawala wa Fukui alikuwa akitafuta mwalimu wa sayansi. Barua zikapita kwa mmisionari Guido Verbeck aliyekuwa Japani, zikafika kwa wakuu wa kanisa lake huko Marekani, na chuo kikamtaja Griffis. Alikuwa na umri wa miaka 27. Alipofika Fukui mwezi wa Machi 1871, alichukua pamoja na vitabu vyake ufunguo mdogo wa dhahabu, nishani ya wanafunzi bora, akamkabidhi baba wa marehemu. Hivyo mwalimu aliingia katika nyumba ya mwajiri wake kwa mlango wa msiba wa mwanafunzi.

Mlango wa pili ulikuwa wa wafanya biashara na wataalamu. Mwaka 1863 vijana watano wa jimbo la Choshu waliondoka Japani kwa siri, ijapokuwa adhabu ya kosa hilo ilikuwa ni kifo, wakaenda Uingereza kwa msaada wa kampuni ya Jardine Matheson. Mmoja wao, Ito Hirobumi, baadaye alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi yake. Mwingine, Yamao Yozo, alikwenda Glasgow, akafanya kazi mchana katika kiwanda cha merikebu na kusoma jioni katika chuo cha Anderson. Katika chuo hicho cha jioni alikuwamo pia kijana wa Kiskoti, Henry Dyer. Miaka michache ikapita. Yamao akawa mkubwa katika Wizara ya Ujenzi, akataka kianzishwe chuo cha uhandisi. Ito alipofika Uingereza mwaka 1872, alimwendea Hugh Matheson, na kwa njia yake shauri likamfikia William Rankine, profesa mashuhuri wa Glasgow. Rankine akamtaja mwanafunzi wake Dyer. Dyer alikwenda Japani mwaka 1873 akiwa na miaka 24, si kwa kazi ya msaidizi, bali kuwa mkuu wa chuo. Huko Uingereza kijana wa umri huo angengoja nusu ya maisha yake kabla ya kupewa cheo kama hicho.

Mlango wa tatu ulifunguliwa na kufilisika kwa wengine. Serikali ya Hong Kong ilikuwa na kiwanda cha kupiga sarafu, lakini hakikuleta faida, kikafungwa mwaka 1868. Japani ilinunua mitambo yake, ikamwajiri pia Thomas William Kinder aliyekuwa msimamizi wake, na mwaka 1871 kiwanda cha sarafu cha Osaka kikafunguliwa. Kilichokuwa hasara kwa dola moja kikawa mwanzo kwa dola nyingine. Mlango wa nne ulikuwa wa serikali yenyewe kuwaendea watu wenye vyeo. Kuroda Kiyotaka alipokwenda Marekani mwaka 1871 kutafuta mshauri wa kilimo cha Hokkaido, alimpata Horace Capron, aliyekuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Marekani, naye akajiuzulu ili akubali ujira wa dola 10,000 kwa mwaka. William Smith Clark, mkuu wa chuo cha kilimo cha Massachusetts, aliomba ruhusa tu; alikaa Sapporo muda wa miezi minane katika mwaka 1876 na 1877, na bado chuo alichokianzisha humo kinamkumbuka.

Palikuwapo pia mlango wa tano, nao ulikuwa mbaya. Katika miaka ya kwanza, hamu ya Kiingereza ilikuwa kubwa hata mtu yeyote aliyezaliwa na lugha hiyo aliweza kuitwa mwalimu. Mabaharia waliochoka na bahari na watu wa madukani waliokuwa bila ya kazi katika bandari ya Yokohama waliingia madarasani. Griffis mwenyewe aliandika juu yao kwa uchungu. Kosa hapo halikuwa la mwajiriwa peke yake. Asiyejua dhahabu hununua shaba, na wenyeji bado hawakuwa na kipimo cha kumpimia mwalimu. Lakini walijifunza upesi, na kadiri miaka ilivyopita mikataba iliandikwa kwa uangalifu zaidi, na wasiofaa wakaachwa.

Mkataba ndio uliokuwa moyo wa jambo hili. Ulitaja muda wa utumishi, mara nyingi miaka miwili au mitatu. Ulitaja mshahara, nyumba na nauli ya kwenda na kurudi. Na ulieleza ni nani atakayetoa amri. Griffis aliahidiwa dola 2,400 kwa mwaka pamoja na nyumba. Kwa wengine mshahara ulikuwa wa kushangaza. Kinder alipata yeni 1,045 kwa mwezi, ilhali Sanjo Sanetomi, aliyekuwa mkuu wa serikali yote, alipata yeni 800. Dyer alilipwa yeni 660. Msomaji wa leo anaweza kuuliza kama taifa maskini lilikuwa na akili timamu kumlipa mpiga sarafu kuliko mkuu wa nchi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Safari ilikuwa ndefu, maradhi yalikuwa mengi, na mwaka 1862 tu Mwingereza mmoja, Charles Richardson, alikuwa ameuawa kwa upanga barabarani karibu na Yokohama. Mtu mwenye ujuzi hakuweza kuvutwa kwa maneno matupu. Edmund Morel, mhandisi mkuu wa reli ya kwanza, alifika mwaka 1870, akafa Yokohama mwaka 1871, na reli aliyoianza kati ya Shimbashi na Yokohama ikafunguliwa mwezi wa Oktoba 1872 yeye akiwa kaburini.

Ukubwa wa mshahara ulikuwa na faida nyingine ambayo haikuonekana mara moja. Fedha zilitoka katika hazina ya Wajapani wenyewe, na alipaye ndiye aamuruye. Mgeni alishauri, mwenyeji alikata shauri. Wako walioudhika kwa hayo. Walifika wakidhani wataongoza, wakakuta maofisa vijana wakiwauliza maswali mengi, wakiandika majibu yote, kisha wakifanya waliyoyaona wao kuwa mema. Kinder alikuwa mtu mkali wa nidhamu, akagombana na maofisa, naye akaondoka mwaka 1875. Tena kila mshahara mkubwa uliotolewa ulimkumbusha mwekahazina kwamba gharama hiyo haiwezi kuendelea milele. Ughali wa mgeni ulikuwa sababu ya kuharakisha masomo ya mwenyeji.

Hata hivyo mkataba haukuweza kumkinga mtu na mageuzi ya nchi. Griffis hakumaliza hata mwaka mmoja huko Fukui. Mwezi wa Agosti 1871 serikali ilifuta majimbo yote ya watawala wa kale, na mwezi wa Oktoba akamwona mtawala wa Fukui akiwaaga watumishi wake na kuondoka katika ngome ya mababu zake. Mwajiri aliyetia sahihi mkataba alikuwa ametoweka. Wanafunzi hodari wakaanza kuhamia mji mkuu. Mwezi wa Januari 1872 Griffis naye akahamia Tokyo, akafundisha huko hadi mwaka 1874, kisha akarudi kwao na kutoa kitabu kikubwa juu ya Japani mwaka 1876. Alikuwa amekwenda kufundisha kemia, na badala yake akashuhudia kwa macho yake kufa kwa ulimwengu mzima wa kale.

Mfano ulio bora wa kazi iliyofanywa kwa mapatano ya namna hii ni ule wa Dyer. Chuo alichokiongoza kilikuwa na masomo ya miaka sita: miwili ya maarifa ya jumla, miwili ya ufundi maalumu, na miwili ya kazi yenyewe katika viwanda na migodi. Uingereza wakati huo ilimtukuza fundi aliyejifunza kwa mikono, na nchi nyingine za Ulaya zilimtukuza aliyesoma vitabuni; Dyer aliziunganisha njia hizi mbili. Walimu aliokuwa nao walikuwa vijana kama yeye. William Ayrton alifundisha habari za umeme. John Milne, aliyefika mwaka 1876 baada ya kuvuka Siberia, alikwenda kufundisha madini, lakini tetemeko la ardhi la Yokohama la mwaka 1880 likamgeuza kuwa mmoja wa waanzilishi wa elimu ya matetemeko. Josiah Conder alifundisha ujenzi wa majumba tangu mwaka 1877.

Wanafunzi wa kwanza 23 walimaliza mwaka 1879, na 11 kati yao wakapelekwa Uingereza kuongeza elimu. Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1880 handaki la reli la Osakayama lilimalizwa na Wajapani bila ya mhandisi wa kigeni. Tanabe Sakuro, aliyehitimu mwaka 1883, aliandika insha ya kumalizia masomo juu ya mfereji wa kuleta maji ya ziwa Biwa katika mji wa Kyoto, na mwaka 1890 mfereji wenyewe ulikuwa tayari, kazi ya akili yake mwenyewe. Tatsuno Kingo, mwanafunzi wa Conder, alirudi kutoka London, na mwaka 1884 akakalia kiti cha mwalimu wake. Baadaye ndiye aliyejenga Benki ya Japani na stesheni ya Tokyo. Conder hakuondoka. Alibaki Tokyo akijenga majumba ya watu binafsi, akafa huko mwaka 1920. Kuna heshima katika hali ya mwalimu aliyepokonywa kiti na mwanafunzi aliyemlea, lakini ni heshima iliyochanganyika na uchungu.

Kurudi nako kulikuwa na mashaka yake. Dyer aliondoka mwaka 1882 akiwa na nishani ya mfalme. Alipofika Glasgow aliomba kiti cha uprofesa katika chuo kikuu chake cha zamani, akakosa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini Dyer alikuwa amecheza ugenini, na tuzo yake ilikuwa ugenini. Mtu aliyeongoza chuo cha taifa akiwa na miaka 25 hakupata tena kazi ya ukubwa huo. Hata hivyo hakuiacha Japani. Aliwasaidia wanafunzi Wajapani waliokuja Glasgow, na mwaka 1901 chuo kikuu cha mji huo kikakubali lugha ya Kijapani iwe miongoni mwa lugha za mtihani wa kuingilia. Mtahini aliyechaguliwa alikuwa Mjapani aliyekuwa akisoma London, jina lake Natsume Soseki. Jina hilo lirudi tena hapa chini.

Mmoja wa wageni mashuhuri aliingia wakati karamu ilikuwa karibu kwisha. Lafcadio Hearn alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, mama yake Mgiriki na baba yake Mwairishi. Alikuwa ameandika magazeti Cincinnati na New Orleans, akafika Yokohama mwaka 1890 kwa kazi ya kuandika habari, akagombana na wenye kumtuma, akajikuta hana kazi katika nchi ya mbali. Rafiki zake Basil Hall Chamberlain, profesa wa Tokyo, na Hattori Ichizo wa Wizara ya Elimu wakamsaidia, akapata kufundisha Kiingereza katika shule ya Matsue kwa yeni 100 kwa mwezi. Hapo ndipo alipopata nyumba ambayo maisha yake yote yalikuwa yamemnyima. Alimwoa Koizumi Setsu, akahamia Kumamoto, kisha Kobe, na mwaka 1896 akaingia uraia wa Kijapani na kuitwa Koizumi Yakumo. Kama mke angeandikishwa kuwa Mwingereza, angepoteza uraia wake na haki za mali. Kwa hiyo mume ndiye aliyeingia katika ukoo wa mkewe.

Mwaka huo huo alianza kufundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Tokyo kwa mshahara wa mgeni. Huu ndio ulikuwa utata wake: kwa sheria alikuwa Mjapani, na kwa ujira alikuwa mgeni. Mwaka 1903 chuo kikamwarifu kwamba mkataba hautaendelea. Wanafunzi wakalia na kuteta. Alipopewa shauri la kubaki kwa saa chache na malipo madogo, alikataa. Mahali pake pakagawanywa kwa watu watatu: Mwingereza Arthur Lloyd, na Wajapani wawili, Ueda Bin na yule yule Natsume Soseki aliyerudi kutoka London. Wanafunzi hawakumpenda Soseki mara moja, kwani sauti ya Hearn ilikuwa ingali masikioni mwao. Hearn alipata kazi katika chuo cha Waseda mwaka 1904, na tarehe 26 Septemba mwaka huo akafariki.

Yatupasa kuwa waadilifu katika hukumu ya jambo hili. Hearn aliumia, na hapana shaka kwamba chuo kingeweza kumwaga kwa upole zaidi. Lakini Soseki hakuwa mnyang'anyi. Serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo kwa gharama yake kusudi arudi afundishe, kama ilivyompeleka Tatsuno kabla yake. Kama mlango usingefunguliwa kwake, kila fedha iliyolipwa kwa wageni tangu mwaka 1868 ingekuwa imepotea. Mwalimu wa kukodi hupatwa na jambo hili lisiloepukika: akifanya kazi yake vibaya, hufukuzwa kwa ubovu wake, akiifanya vizuri, huondolewa kwa uzuri wake.

Nchi za Afrika ya Mashariki nazo ziliwahi kuijua hali hii. Mwaka 1961 walimu wa Kimarekani na wa Kiingereza walianza kuletwa katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa mpango uliosimamiwa na chuo cha ualimu cha Columbia, na mwaka huo huo serikali ya Uingereza ikaanza kuongezea mishahara ya watumishi wake waliobaki katika makoloni yaliyokuwa yakielekea uhuru. Nia ilikuwa njema, na wengi walifanya kazi ya kusifika. Lakini palikuwa na tofauti moja kubwa: mwenyeji hakulipa ujira wote kutoka mfukoni mwake, na kwa sababu hiyo hakushika mkataba kwa mikono miwili kama Mjapani alivyoushika.

Japani haijaacha kuwaita wasemao Kiingereza. Tangu mwaka 1987 vijana wenye shahada wameitwa kwa maelfu kwa mpango wa JET kusaidia walimu wa shule, na mkataba wao ni wa mwaka mmoja mmoja, usiozidi miaka mitano. Mshahara wao haushindi wa waziri, na hakuna awaogopaye wala kuwategemea kwa uhai wa taifa. Lakini sharti la kale limebaki katika karatasi ile ile wanayotia sahihi: jembe ni la mwenye shamba, na siku ya kulirudisha imeandikwa tangu siku ya kulipokea.